Gari ya spoti ya zamani ihesabiwe miaka, si kilomita tu

Bwana Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Nguba. Naandika juu ya ile makala mlitoa hapa karibuni, yenye iliwashauri vijana wa Bukavu waachane kabisa na magari ya spoti ya zamani, hasa yale ya turbo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya moteri), eti ni magari ya kufilisi mtu, eti yakishafika hapa kwetu hayamalizi mwaka. Niliisoma, nikairudia tena, na sikubaliani nayo, naomba basi mnipe nafasi niseme ni kwa nini, maana najua hili jambo halinisumbui mimi peke yangu. Siku ya Jumapili mchana ukishuka kando ya ziwa unaziona zimepangwa, Impreza, Celica, Altezza, wenyewe wanazipenda kwa moyo wote, wanazipangusa mpaka unajiona usoni, halafu ukiinama uangalie chini unakuta tone la mafuta hapa, tone la maji pale, na hakuna mwenye anashtuka.

Mwandishi wenu ameona gari zikifa na hapo amesema kweli, zinakufa nyingi. Lakini uzee si ndio unaziua, na barabara peke yake haiziui. Zinakufa juu tunangoja. Tunangoja kelele itoke, taa nyekundu iwake kwenye tablo, moshi upande, ndipo tunampigia fundi simu usiku. Gari ya mizigo ya zamani inaweza kukuvumilia kwa tabia hiyo miaka na miaka. Gari ya spoti haivumilii, moteri yake imekazwa zaidi, inazunguka haraka zaidi, inachemka zaidi, kila kipiesi kinafanya kazi karibu na mwisho wa nguvu zake.

Mimi niko na Subaru Impreza WRX ya 2001, vitesi vya mkono, ilitoka Japani ikashukia Dar es Salaam. Nitaongea zaidi juu yake kwa sababu ndiyo naijua, ila mengi ya hapa yanamfaa hata mwenye Celica au Altezza. Watu wananiambia kila mara eti gari kama hii haikutengenezwa kwa barabara za Afrika. Jamani, Impreza ilishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 na Colin McRae, ikashinda tena 2000 na Richard Burns, na ile rali ilipita kwenye mawe, vumbi na matope ya kutosha, si lami ya Ulaya. Tofauti ni kwamba timu ya rali haingoji kitu kivunjike. Gari inasimama kwenye huduma, mafundi wanatoa vipiesi vyenye bado vinafanya kazi wanaweka vingine, kwa sababu hesabu yao inasema muda wake umefika. Sisi tunapenda picha ya ile gari ikiruka kwenye vumbi, lile la mafundi hatuliangalii.

Sasa hesabu yenyewe, hapo ndipo wengi tunapotea. Ukimwuliza mtu hapa Bukavu gari yake ina hali gani, atakujibu kwa kilomita. "Haijatembea sana, naitoaka Jumapili tu." Na ni kweli, mji wetu si mkubwa, foleni nyingi, petroli bei, kwa hiyo hizi gari zinatembea kidogo. Lakini mpira hauzeeki kwa kutembea tu, unazeeka hata ukiwa umelala kwenye parseli, unakauka, unapasuka nyufa ndogo ndogo. Mafuta ya freni yanakunywa unyevu wa hewa usiku na mchana gari ikiwa imesimama. Na safari fupi fupi, Nguba mpaka Nyawera kisha unazima, ni mbaya kwa moteri kuliko safari ndefu, juu oili haipati muda wa kuchemka vizuri na kufukuza maji na petroli yenye imejichanganya ndani yake. Kwa hiyo mtu mwenye gari ya kutembea kidogo anajidanganya kabisa akifikiri kilomita kidogo zinamlinda, inabidi ahesabu miezi na miaka. Bila kusahau kwamba zile namba za kwenye tablo, kwa gari iliyopita mikono mingi na bahari, nani atakuapia ni za kweli?

Kuna kitu kimoja kizuri ambacho wengi hawakiangalii wakinunua. Japani gari ya kawaida ya mtu binafsi inapimwa na serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2, na magaraji ya kule yana desturi ya kubandika karatasi ndogo ndani ya bone au pembeni ya mlango yenye kuonyesha kazi iliyofanywa, tarehe na kilomita. Kama mkanda wa distribisyo, ule wa mpira wenye unaendesha supapu za moteri, ulibadilishwa, mara nyingi utakuta karatasi yake imebandikwa hapo kwenye moteri. Watu wanaziona zile herufi za Kijapani wanaona ni mapambo, wengine wanazibandua wakiosha. Msizibandue! Na mwaka mara nyingi wanauandika kwa hesabu ya utawala wa mfalme wao, si kwa hesabu yetu: ile enzi inaitwa Heisei ilianza 1989, basi Heisei 13 ni 2001, Heisei 20 ni 2008. Ukikuta 20 usifikiri ni 2020. Kwangu mimi hiyo karatasi ina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji. Na kama haipo, uhesabie kwamba kazi haikufanyika, hesabu yako ianzie sifuri.

Nimetaja mkanda wa distribisyo, wacha nikae hapo kidogo maana ndio unaoua nyingi. Moteri ya WRX ya miaka ile, EJ20 ya turbo, pistoni zake zimelala ubavu mbili kwa mbili, iko na mihimili minne ya kufungua supapu, zile vali za kuingiza hewa na kutoa moshi, na zote 16 zinaendeshwa na mkanda mmoja tu wa mpira. Mkanda huo huo ndio unazungusha pompa ya maji. Muda wake ni karibu kilomita 100.000. Ukikatika au ukiruka meno moteri ikizunguka, pistoni inapanda inakutana na supapu iliyo wazi, chuma kwa chuma. Celica ya mwisho, ile iliyotoka kuanzia 1999, iko na mnyororo ndani, mwenye nayo apumue kidogo upande huo, aangalie zaidi kiasi cha oili maana zile 1.8 za mwanzo zinajulikana kwa kunywa oili. Lakini mwenye mkanda asilale.

Kijana mmoja jirani yetu, kijana wa adabu sana, aliletewa WRX na muuzaji akamhakikishia mkanda ni mpya. Na kweli ulikuwa mpya! Siku moja anapanda kuelekea Kadutu, moteri ikanyamaza. Hakuna mlipuko, hakuna moshi, ilinyamaza tu. Akageuza ufunguo, staata ikazunguka haraka na nyepesi kuliko kawaida, hiyo ni dalili, moteri isiyobana hewa inazunguka bila uzito. Wapita njia wakakuja kusaidia kwa roho nzuri, wakamsukuma arudi nyuma aingize vitesi iwake, na kila mzunguko ulizidi kupinda kilichokuwa bado kimenyooka. Fundi alipofungua kilasi, kile kichwa cha moteri chenye kushika supapu, nilikuwepo, nikaona mwenyewe alama ya nusu mwezi juu ya pistoni, pale supapu ilipogonga, safi kama imepigwa muhuri. Mkanda ulikuwa bado na maandishi yake, meno ndiyo yamenyolewa upande mmoja. Chanzo kilikuwa ile pulei ndogo ya kuongozea mkanda, beringi yake imekauka mafuta, imekuwa na rangi ya bluu kwa moto, ukiizungusha na kidole inakwaruza halafu inakwama. Aliyeweka mkanda mpya aliacha pulei za zamani, akaacha na kikaza mkanda cha zamani, na pompa ya maji ya zamani. Yaani alibana pesa kidogo pale, na kijana akaja kulipa moteri nzima ya okazyo, yaani iliyokwisha tumika, pamoja na kuishusha na kuipandisha.

Kwa hiyo mtu akikwambia "nimebadilisha mkanda", muulize na pulei? Na kikaza? Na pompa? Vinauzwa pamoja kwenye boksi moja, vinatoka pamoja na vinaingia pamoja, kwa sababu kazi ya kufika pale ni ile ile. Na tafadhali msinunue mkanda kwa bei ya barabarani tu. Kama una mtu Kampala, aende pale Kisekka, au Nairobi kwenye Kirinyaga Road, ashike kipiesi mkononi, aangalie maandishi, asikubali boksi zuri tu, juu boksi linachapwa popote.

Nije kwenye freni, na hapa naongea na kila mwenye gari, hata asiye na spoti. Sisi tunaishi kwenye milima. Mtu anashuka kutoka Kadutu mguu uko juu ya freni mpaka chini. Anaenda Uvira anateremka Ngomo, zile kona mnazijua, mzigo nyuma, watu wanne ndani. Freni inafanya kazi kwa mafuta yenye hayabanwi, ukikanyaga, nguvu inafika kwenye plaketi, zile zenye kubana diski ya gurudumu. Mafuta mapya ya freni ya daraja la DOT 4 yanachemka kuanzia nyuzi 230 za Selisiasi. Yakishakunywa unyevu mpaka karibu asilimia 4, kiwango kinashuka mpaka karibu 155, na DOT 3 inashuka mpaka 140 hivi. Diski kwenye mteremko mrefu zinapita hizo nyuzi bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa, ndipo pedali inashuka mpaka chini na gari haisimami. Watu wanasema "freni zimekataa ghafla". Hakuna ghafla hapo, ni mafuta ya miaka sita yenye rangi ya chai yaliyokuwa yanangoja mteremko wake. Kila miaka 2 toa yote, kwenye magurudumu yote manne, weka mapya kutoka chupa iliyofungwa, si ile chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikabaki kwenye kabati la garaji, hiyo nayo imeshakunywa unyevu wake. Kazi ya saa moja na watu wawili, mmoja anakanyaga mmoja anafungua. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo kwenye gari nzima na ndiyo haifanywi. Na kushuka mlima ushuke kwa vitesi vya chini, lakini hilo ni la dereva, nirudi kwa gari.

Maji ya radiateri. Hapa nina uchungu wa kweli, maana naona watoto wanatumwa na bidon kuchota ziwani halafu yale maji yanamiminwa moja kwa moja. Maji ya Kivu ni mazuri kwa macho, ila yamejaa madini, ni maji ya chumvi chumvi na magadi, yakichemka kila siku ndani ya moteri ya aluminiamu yanaacha ukoko mweupe kwenye vile vijia vyembamba vya radiateri na vya hita. Ukifungua mpira wa juu uingize kidole unauona. Gari inaanza kuchemka kwenye foleni ya magari pale mtaa wa Essence, mtu anasema "Subaru zote zinachemka", anaenda kutoa termostati, ile ya kufungua na kufunga njia ya maji kufuatana na joto, aitupe, ndiyo dawa ya mtaa. Asitoe termostati. Aoshe mfumo, aweke likidi ya radiateri nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea batri lakini si asidi, angalieni vizuri chupa, abadilishe tena kila miaka 2. Kama hana kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali mara nyingi kuliko ya ziwa, na mvua hapa Mungu hajatunyima.

Na kifuniko cha radiateri! Bukavu iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, maji yaliyo wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Kile kifuniko chenye springi kinashikilia presha ndani ili maji yasichemke mapema. Mpira wake ukipasuka, presha inatoka, na gari yenye ingefanya vizuri Dar inachemka huku kwetu mlimani. Ni kipiesi cha bei ya chini kabisa na nimeona watu wakifungua moteri nzima kwa sababu yake. Jambo lingine la hizi moteri za kulala: ukijaza maji mapya hewa inabaki imejificha ndani. Simamisha gari ikiwa imeangalia juu ya mlima, hapo Bukavu inatusaidia, jaza pole pole, acha iwake kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yaishe, hita ikiwa imefunguliwa.

Matairi, hili nalo naomba vijana wenye WRX wanisikilize. Desturi yetu ni kununua moja moja. Moja limetoboka vibaya, mtu anaenda kutafuta okazyo moja linalofanana kidogo, anafunga, anaendelea. Kwenye Corolla haina neno sana. Kwenye Impreza magurudumu yote manne yanavuta, na katikati ya buati ya vitesi vya mkono kuna kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma, ndani yake kuna majimaji mazito. Tairi moja likiwa limelika zaidi ya mengine linazunguka haraka zaidi, basi kile kifaa kinafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, kinachemka, kinakufa. Halafu gari inaanza kukaza ukikata kona ya kuegesha, inaruka ruka, na watu wanasema diferensiali za Subaru ni mbovu. Hapana, ni tairi la okazyo. Nunua manne, au angalau yawe ya aina moja na yamelika sawa. Na angalia umri wake: pembeni, baada ya herufi DOT, kuna namba nne za mwisho, wiki na mwaka. 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi linaweza kuwa na meno marefu kabisa na likawa gumu, limekaa stoo miaka mingi, na kwenye mvua ya Novemba kwenye mteremko halishiki kitu.

Oili ya moteri nitapita haraka kwa sababu wengi wanajua vidanji, yaani kumwaga oili ya zamani na kuweka mpya, shida ni kwamba wanaifanya kwa desturi ya gari isiyo na turbo. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100.000 kwa dakika, imepakana na moto wa moshi, na kinachoiokoa ni oili tu. Kilomita 5.000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia, pamoja na filtri, na oili iwe ya kweli. Kati ya hapo chomoa kile kijiti cha kupimia angalau kila Jumamosi kabla hujawasha, gari ikiwa imesimama pasipo mteremko, maana hizi EJ zikipungukiwa oili beringi za chini zinaanza kugonga na ile kelele ya kugonga ukishaisikia umechelewa. Ukitoka kupanda mlima kwa nguvu usizime palepale, acha moteri izunguke polepole dakika moja hivi. Na uangalie karteri, ile sahani ya oili chini ya moteri, gari ni fupi, mawe ya kuelekea Panzi yanaigonga, karteri ikiingia ndani inaziba njia ya kunyonya oili bila kuvuja hata tone. Weka sahani ya chuma chini, mafundi wa kuchomelea wanatengeneza nzuri sana hapa mjini.

Buji, zile za kutoa cheche ya kuwasha petroli, ni kisa kingine. Kwa vile pistoni zimelala, buji ziko ubavuni, zimebanana na chuma cha bodi, ili uzifikie lazima batri itoke, boksi la filtri ya hewa litoke, na mkono uwe mwembamba na roho iwe ya subira. Ndiyo maana hazibadilishwi. Fundi anabadilisha zile mbili rahisi, au hakuna kabisa, na mwenye gari hawezi kujua. Mimi naomba kuonyeshwa nne za zamani zimepangwa mezani. Zile nne zinakueleza mengi pia: nyeusi yenye masizi, yenye oili, nyeupe iliyoungua, kila moja inasimulia silinda yake.

Petroli, basi, ninyi mnajua tunavyonunua. Kadhafi wa kando ya barabara ana bidon yake ya njano, na ndani kuna petroli, pengine maji kidogo, pengine kutu. Sina la kumlaumu, anatafuta maisha na siku pampu zimekauka ndiye anatuokoa. Lakini WRX ya Japani ilipangwa kwa petroli ya kule ya oktani karibu 100, yetu haifiki hapo, kwa hiyo usiibane turbo mpaka mwisho eti kwa vile unaweza, na usimruhusu mtu akuongezee presha ya turbo. Tumia kitambaa au mchujo unapomimina, badilisha filtri ya petroli kila mwaka. Filtri ya hewa, msimu wa kiangazi kuanzia Juni, angalia kila mwezi.

Najua jibu linalokuja: pesa iko wapi? Ni swali la haki. Maisha hapa ni magumu na hakuna mwenye anapenda kutoa dola kwa kitu chenye bado kinafanya kazi wakati mtoto anasubiri minerval, pesa ya shule. Lakini nikitazama gari zilizokufa karibu yangu, karibu zote zilikula pesa nyingi zaidi ya ile iliyookolewa, na zilikula kwa mara moja, siku mtu hajajipanga. Mkanda, maji, freni, vidanji, hivi vinaweza kugawanywa kwenye mwaka, mwezi huu hiki, mwezi ujao kile. Moteri iliyokufa haigawanyiki. Na kama mtu hawezi kabisa hata kwa kugawanya, hapo nakubaliana na mwandishi wenu, asinunue turbo, achukue gari ya kawaida aitunze vizuri, hakuna aibu.

Jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa ni mafundi, na kwangu mimi hapo ndipo mzizi ulipo. Hapa kwetu fundi analipwa kitu kikivunjika. Hakuna anayemlipa aangalie. Umwambie fundi "papa, panda gari juu, nusu saa, angalia kila mpira, kila beringi, kila kitu kinachotokwa na jasho, halafu uniambie", na usiwe na kipiesi cha kubadilisha, wengi watakuambia ulete gari siku ingine, na si uvivu, ni kwamba hiyo nusu saa hailishi watoto wake. Sisi ndio tumemfundisha kwamba macho yake hayana bei, mikono tu. Mimi nimekubaliana na wangu, kila miezi mitatu gari inaenda kwake ikiwa nzima, nalipa kuangalia, anaandika kwenye kaye la gari: tarehe, kilomita, alichokiona, kinachoweza kungoja na kisichoweza. Lile kaye linakaa kwenye kisanduku mbele ya abiria. Ndani yake kuna mstari kama huu, "mpira wa juu wa radiateri umelainika karibu na klipu, ungoje usizidi mwezi". Hakuna taa ya tablo itakayokwambia hivyo. Na wale vijana wanaojifunza pale kwake wanakuwaka karibu sana siku hiyo, kwa sababu kwenye gari nzima wanajifunza kuona, kwenye gari iliyokufa wanajifunza kufungua tu.

Kwa hiyo Bwana Mhariri, badala ya kuwaambia vijana waache, nawaomba mfungue nafasi kwenye gazeti, hata robo ya ukurasa kwa mwezi, mafundi wa Ibanda, Kadutu na Bagira waeleze kwa Kiswahili chetu kitu kimoja kimoja: namna ya kusoma umri wa tairi, namna ya kujua mafuta ya freni yamechoka, kipi kibadilishwe pamoja na kipi. Shule za ufundi za hapa mjini zina walimu wanaoyajua haya na wanafunzi wanaohitaji kuyasikia. Mafundi wawili niliowauliza wamekubali kuandika, mmoja anataka kuanza na kifuniko cha radiateri. Mkikubali nitawaleta ofisini kwenu wiki yoyote mtakayosema.

Msomaji wenu,
Nguba, Bukavu